Kutoka Veranda ya Duka Hadi Nyumbani: Wajibu wa Mraibu Katika Kupona

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi, Olenguruone, Kaunti Ndogo ya Kuresoi Kusini

 

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu ambaye kila mmoja hapa anamfahamu. Hulala kwenye veranda ya duka sokoni, au kwenye kibanda cha kupimia majani chai baada ya karani kufunga mizani na kwenda zake. Baridi ya Mau ikishuka mwezi wa Julai, hujifunika gunia la viazi. Asubuhi huchotea mikahawa maji ili apate shilingi hamsini, na kabla ya saa nne hamsini hizo zimekwisha kuingia kwenye kikombe cha chang'aa. Wapita njia humwita chokoraa, hata kama ana miaka arobaini na watoto watatu.

Kuna maswali mawili juu ya mtu huyu. La kwanza: nani alimfikisha pale? La pili: nani atamtoa? Watu wengi huyajibu kwa pamoja, kana kwamba ni swali moja. Anayeamini kwamba mlevi amejitakia husema basi ajitoe mwenyewe. Anayeamini kwamba mlevi ameonewa na maisha husema serikali, kanisa au mama yake ndio wamtoe. Wote wawili huishia mahali pamoja, kwa kuwa mtu yule bado yuko pale kwenye veranda.

Ni vyema maswali hayo yatenganishwe. La kwanza ni la hatia, na la pili ni la wajibu. Mtu anaweza kuwa hana hatia kwa yaliyompata na bado akawa na wajibu wa kuinuka. Vilevile jirani anaweza kuwa hakumfundisha mtu kunywa na bado akawa na wajibu wa kumfungulia mlango anapoinuka.

NYUMBA HUPOTEA POLEPOLE

Hapa kwetu ni nadra mtu kulala nje kwa sababu alifukuzwa siku moja. Kwanza hupotea pesa za maziwa za mwezi. Kisha ndama huuzwa kwa bei ya kutupa. Shamba la viazi hukodishwa kwa msimu mmoja, halafu miwili, na pesa zote hulipwa mbele. Mabati yaliyonunuliwa kwa jiko jipya huondoka usiku. Mke huchukua watoto na kurudi kwa wazazi wake. Mwishowe robo ekari iliyobaki huandikiwa makubaliano kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakiwa wale wale waliokuwa wakinywa naye. Ndugu hufunga geti, mama humlaza jikoni kwa muda, na jiko likishindwa kumficha, veranda ya duka ndiyo hubaki.

Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa katika Kaunti ya Nakuru. Hesabu kama hiyo huwapata walio wazi barabarani. Yule anayelala jikoni kwa mama yake, au kwenye zizi la mwajiri wake, haonekani kwa urahisi, ingawa naye hana makao.

Upande wa vileo, utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Pombe peke yake ilikuwa ikitumiwa na mmoja kati ya kila wanane. Kwa hiyo katika baraza lenye watu mia mbili, si rahisi kupata familia ambayo jambo hili haliihusu.

HISTORIA INA SEHEMU YAKE

Olenguruone inaijua vizuri kuliko maeneo mengi maana ya kukosa makao. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilifungua hapa mpango wa makazi kwa familia za Wakikuyu zilizoondolewa katika ardhi ya Wamaasai. Familia hizo zilikataa masharti yaliyozifanya wapangaji katika mashamba waliyoyaona kuwa yao. Kufikia mwaka 1950 zilikuwa zimeondolewa kwa nguvu, na wengi wakapelekwa Yatta. Baadaye yakaja machafuko ya mwaka 1992, kisha ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambapo watu wa Kuresoi na Molo walikimbilia kambi, ikiwemo ile ya uwanja wa maonyesho mjini Nakuru. Mwaka 2009 familia zilizoondolewa katika msitu wa Mau Kusini Magharibi zilipiga kambi kando ya msitu kwenye mvua.

Haya yanatajwa kwa sababu moja. Katika jamii zote zinazoishi hapa kuna watu walioanza kunywa baada ya nyumba kuchomwa, baada ya kumzika mtoto kambini, au baada ya kurudi na kukuta shamba lina mwenyewe mwingine. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba amejitakia ni kumwongezea jeraha. Hata hivyo, kumwambia kwamba hana la kufanya kwa sababu ameonewa ni kumwacha pale pale alipo. Waliopoteza kila kitu mwaka 2008 na leo wana chai na ng'ombe hawakusubiri hadi kila aliyewakosea apatikane ndipo waanze kulima. Walianza kulima huku wakiendelea kudai haki yao, na kupona ulevi hufuata njia hiyo hiyo.

URAIBU NI UGONJWA, NA UNA HATARI ZAKE

Sheria ya Afya ya Akili, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamhesabu mtu aliyethibitishwa na mtaalamu wa afya ya akili kuwa na uraibu wa pombe au dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wanaostahili matibabu. Hii ina maana kwamba mraibu ana haki ya kuhudumiwa hospitalini kwa heshima, kama mwenye kisukari au shinikizo la damu. Mwenye kisukari naye hakuuchagua ugonjwa wake, lakini hakuna awezaye kummezea dawa wala kumwachia sukari.

Kuna hatari moja ambayo kila familia inapaswa kuijua. Mtu ambaye amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kuachishwa pombe ghafla nyumbani bila mhudumu wa afya. Mwili wake umezoea. Katika saa chache hadi siku tatu hivi baada ya kikombe cha mwisho, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kutapika, kuona au kusikia visivyokuwapo, na hata kupatwa na kifafa. Hali hiyo inaweza kuua. Wapo wanaomfungia mgonjwa chumbani kwa nia njema ili anyooke, wakidhani kelele zake ni ukaidi au mapepo.

Njia salama ni kumpeleka hospitalini na kusema ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, kwa miaka mingapi, na alikunywa mara ya mwisho saa ngapi. Zipo dawa za kutuliza hali hiyo na vitamini za kumkinga ubongo, na kwa kawaida siku ngumu zaidi hupita ndani ya wiki moja. Asubuhi ile ya kutetemeka ndiyo huwafanya wengi warudi kwenye kikombe ili, kama vijana wanavyosema, watoe loku. Mara nyingi si utamu wa pombe unaomrudisha mtu. Anakimbia maumivu ya kuikosa.

Lakini mwili kusafika si kupona. Mtu anaweza kutoka hospitalini akiwa hatetemeki tena, akashuka kwenye matatu pale stendi, na akakutana na marafiki zake wote kabla hajavuka barabara. Hapo ndipo kazi yake mwenyewe huanza.

YALIYO MIKONONI MWA MRAIBU MWENYEWE

Kwanza ni kusema ukweli kwa mtu mmoja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mraibu huwa na hesabu zake za kujidanganya: ninakunywa jioni tu, ninakunywa kwa pesa zangu, nitaacha baada ya mavuno. Siku anapomwambia mhudumu wa afya, mchungaji, imamu au dada yake kwamba amejaribu kuacha akashindwa, amefungua mlango ambao hakuna mwingine angeweza kuufungua kwa niaba yake.

Pili ni kufika. Ushauri nasaha haufanyi kazi kwa mtu ambaye hayupo. Akipewa siku ya kurudi kliniki, arudi, hata kama ana aibu, hata kama jana alikunywa. Hasa kama jana alikunywa.

Tatu ni kukabidhi pesa. Katika miezi ya mwanzo pesa mkononi ni hatari kuliko rafiki mbaya. Waliofaulu wengi hukubali kwa hiari kwamba malipo ya majani chai au maziwa yapitie kwa mke, mama au ndugu anayeaminika, na wao wapewe nauli na ya matumizi madogo. Msimu wa bonasi ya chai unahitaji mpango wake. Siku ya bonasi ipangwe mapema: ni nani atakuwa naye, pesa zitalipa nini, na jioni atakuwa wapi. Asiyekuwa na mpango siku hiyo atapangiwa na wengine.

Nne ni kubadilisha njia. Kama njia ya kutoka shambani hupita kwa mama pima, atafute njia nyingine, hata kama inaongeza nusu saa. Kama kazi ya kubeba magunia hulipwa kwa vikombe, atafute kibarua kingine. Si dharau kwa marafiki wa zamani. Aliyevunjika mguu haombwi acheze mpira kwa sababu wenzake wamemzoea uwanjani.

Tano ni kulipa madeni kidogo kidogo. Aliyemuuzia baba yake ndama hawezi kumrudishia mwezi huu, lakini anaweza kumkatia nyasi za ng'ombe kila asubuhi. Familia huchoka kusikia samahani. Hazichoki kuona nyasi zimekatwa. Uaminifu uliopotea kwa miaka kumi haurudi kwa wiki sita, na aliyeupoteza hana budi kuvumilia kuhesabiwa chenji kwa muda.

Na akianguka? Wengi huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama imara. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wajibu wake siku hiyo ni kusema mapema, kabla kikombe kimoja hakijawa wiki nzima, na kurudi kwenye matibabu. Kuanguka kunamwonyesha palipobaki wazi: labda ni njia ile ya zamani, labda ni siku ya malipo, labda ni huzuni ya msiba ambayo hajaizungumza na mtu.

MFANO KUTOKA UNGUJA

Wajibu wa mtu mmoja hukua anapokuwa kati ya wenzake. Huko Zanzibar, ambako tatizo kubwa limekuwa heroini, nyumba za kupona zilianza kufunguliwa mwaka 2009. Waliozianzisha walikuwa watu waliowahi kutumia dawa wenyewe. Wakaazi wa nyumba hizo huamka kwa saa maalumu, hupika, hufua, hufagia, na kukaa pamoja kila siku kuzungumza ukweli. Utaratibu wao umetokana na hatua 12 za kundi la walevi waliokuwa wakisaidiana kuacha pombe, lililoanza Marekani mwaka 1935.

Ndani ya nyumba hizo anayepona hafanyiwi kila kitu. Hupewa ufagio siku za mwanzo, na baadaye hupewa jukumu la kumpokea mgeni anayefuata. Mtu aliyekuwa akiitwa mwizi anashika ufunguo wa stoo. Olenguruone haina haja ya jengo kubwa ili ianze jambo kama hilo. Watu watatu au wanne wanaotaka kuacha wanaweza kukutana kila wiki katika chumba cha kanisa au darasa lisilotumika, wakiwa na mmoja aliyekwisha kukaa mwaka bila pombe, na mhudumu wa afya wa kuwaelekeza. Kikundi hicho hakihitaji mfadhili. Kinahitaji saa maalumu na watu wanaofika.

FAMILIA NA MAJIRANI

Familia nyingi huyumba kati ya makosa mawili. La kwanza ni kumkinga: mama hulipa deni la mama pima, mke humdanganya mwajiri kwamba mume ana malaria, ndugu hurudisha simu aliyoiweka rehani. Kila mara madhara ya ulevi humwangukia mtu mwingine, na mraibu hana sababu ya kubadilika. La pili ni kumtupa: geti hufungwa na jina lake halitajwi tena. Kati ya hayo mawili kuna njia. Mwambie waziwazi: chakula kipo, kitanda kipo ukianza matibabu, pesa hazipo, na deni la pombe hatulipi. Ukishasema, simama hapo. Penye vipigo au watoto walio hatarini, usalama wao hutangulia, na chifu au polisi waarifiwe.

Shamba nalo lilindwe mapema. Uuzaji wa shamba la kilimo katika maeneo yanayosimamiwa kisheria huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na familia inaweza kufika mbele ya bodi na kueleza pingamizi lake. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya wanandoa wote wawili. Mzee anayeitwa kuwa shahidi wa karatasi ya kuuza robo ekari, na muuzaji ananuka chang'aa saa tatu asubuhi, ana wajibu wa kukataa kuweka sahihi. Kitanda cha kurudia ni kigumu kupatikana pale shamba lilipokwisha kuuzwa.

Waajiri wa vibarua wanakumbushwa kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ujira ulipwe kwa pesa na inakataza kuulipia mahali panapouzwa pombe. Anayemlipa mtu kwa kikombe amenunua kazi yake kwa bei ya afya yake.

Wanaouza nao wana sehemu yao. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 haikuruhusu chang'aa ya mtungi inayopikwa mtoni. Ilitaka kinywaji kitimize viwango, kiwekwe kwenye chupa na kiuzwe kwa leseni, na kisiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18. Mama anayepika kwa sababu ya karo za watoto anafahamika, na vikundi vya akiba vya kina mama vina nafasi ya kumsaidia abadilishe biashara. Lakini karo ya mtoto wake hailipiki kwa shamba la mtoto wa jirani.

SERIKALI NA NJIA ZA MSAADA

Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti majukumu ya afya, leseni za vileo na udhibiti wa dawa za kulevya. Wananchi wana haki ya kuuliza kazi hizo zinafanywaje. Wanapofika kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti, hapa Kuresoi Kusini, waulize kuhusu washauri nasaha na vitanda vya waraibu kama wanavyouliza kuhusu barabara.

Kuwafukuza watu bila kuwatibu hakujawahi kusaidia. Sheria ya Uzururaji iliyoachwa na wakoloni ilifutwa mwaka 1997. Wakaazi wa Nakuru pia wanakumbuka Februari 2019, watoto na vijana wa mitaani walipoondolewa mjini na kuachwa upande wa Baringo. Kisa hicho kilikasirisha nchi nzima na Seneti ikakichunguza. Mtu akihamishwa bila matibabu wala makao, tatizo huhama naye.

Anayetaka kuanza leo aanzie hapa karibu: mhudumu wa afya wa kijiji chake, zahanati, au hospitali ya Olenguruone. Wanaohitaji matibabu zaidi huelekezwa hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nakuru, ambayo wengi bado huiita PGH. Nambari ya NACADA ya kupiga bila malipo ni 1192, na familia inaweza kupiga hata kama mgonjwa mwenyewe hajawa tayari. Ni vyema pia usajili wa SHA ukamilishwe mapema, na gharama ziulizwe kabla ya mgonjwa kulazwa, ili bili isiwe sababu ya kumkatiza matibabu.

Mabibi na mabwana, baraza hili likimalizika kuna maswali mawili ya kwenda nayo. Anayekunywa ajiulize: ni mtu gani mmoja atakayemwambia ukweli kabla ya Jumapili? Asiyekunywa ajiulize: mtu huyo akija kwake, atamkuta mlangoni na maneno gani?

Yaliyotokea hayafutiki. Lakini nyasi za ng'ombe za kesho asubuhi bado hazijakatwa, na yupo anayeweza kuzikata.

Sasa ni nafasi ya maswali, na aliye na jambo asilotaka kulisema mbele ya watu atawapata wahudumu wa afya pembeni baada ya maombi.